Fungu Lililofungwa kwa Jani la Mgomba

Kendi mwanangu,

Umeenda kumuaga shangazi yako, na kwa jinsi shangazi yako anavyoongea, nina wakati wa kuandika barua hii, kuirarua na kuiandika upya. Nimekaa jikoni. Githeri iko motoni. Sanduku lako liko mlangoni, limezungushiwa kamba kama mbuzi wa Krismasi, na mimi nimeliruka mara nne kwenda kutafuta kalamu.

Sitakuandikia habari za sweta. Sweta nimekutilia tatu chini kabisa, chini ya vitabu, na kama utazitoa utazitoa huko Kakamega, si mbele yangu. Habari za maji ya kuchemsha unazijua. Habari za wanaume, sijawahi kuona msichana aliyefaidika na ushauri wa mama yake, na mimi mwenyewe mume wangu nilimpata kwa njia ambayo siwezi kumshauri mtu yeyote aifuate.

Ninaandika kwa sababu ya maneno uliyosema asubuhi ukipiga pasi. Ulisema, "Teksi itakuja saa kumi na moja. Sitaki mtu anisindikize. Sanduku nitajibebea."

Mtu! Katika nyumba hii tuko watatu. Mimi nina goti bovu, na tangu uzaliwe hujawahi kuniona nikienda popote saa kumi na moja ya alfajiri. Kwa hivyo huyo mtu ni baba yako, naye alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha chai. Alisikia. Alimaliza chai polepole, akaniangalia, akachukua panga akaenda nyuma ya nyumba. Usishtuke. Alikuwa anakwenda kukata jani la mgomba, na habari ya jani hilo nitakuambia nikifika hapo.

Ninachotaka ni kimoja tu, na ninakisema mapema usije ukaruka kurasa kukitafuta, kama wanafunzi wangu walivyokuwa wakifanya. Nataka kesho umwache baba yako akubebee sanduku mpaka stejini Meru, kwenye basi la Kakamega. Basi. Siwezi kukulazimisha. Una digrii mbili na kazi yako mwenyewe, na mimi kazi ya kulazimisha watu nimeshastaafu. Lakini kuzungumza sijastaafu, kwa hivyo kaa chini usome.

Unakwenda kufundisha ustawi wa jamii, na kufanya utafiti juu ya walevi wa watu wengine. Najua ninachosema, nimefanya kazi hiyo hiyo maisha yangu yote. Watu wakisikia una shahada ya mambo ya pombe na miraa wanafikiri una dawa kwenye mkoba. Kanisani wananivuta pembeni: "Daktari, huyu kijana wangu tufanyeje?" Nami natikisa kichwa kwa hekima. Ukweli ni kwamba niliingia kazi hii kwa ujinga, na kama ningekuwa na akili kidogo siku ile, wewe hungezaliwa.

Unaijua ile hadithi ya mimi "kununua bwana". Wajomba zako huisimulia kila arusi. Lakini huisimulia wakiwa wanataka kucheka, na wanaruka sehemu za maana, kwa hivyo leo nakusimulia mimi.

Nilikuwa msichana wa Manyatta, Embu, nimeajiriwa juzi juzi kwa majaribio kufundisha katika chuo kidogo mjini Meru. Mkuu wa chuo alikuwa mtu mwenye miwani mizito na subira nyepesi. Aliniambia, "Wawira, utafiti wako wa miraa ukiisha muhula huu, kazi ni yako. Usipoisha, kuna kijana mwingine anaingoja." Nikapanda Mikinduri, kule juu inakolimwa miraa, na mkoba wa maswali yaliyopigwa taipu. Kendi, nilifukuzwa kwa heshima mpaka nikachoka kuheshimiwa. Nabisha hodi, natokewa na mwanamume shavu limejaa miraa, nyuma yake miraa, mkono wa kulia miraa, na ananiambia, "Hapa sisi hatutumii." Walidhani ni mambo ya kodi. Mama mmoja akanihurumia akaniambia nisihangaike. Mpaka mzee M'Ikiara aseme neno, hakuna mtu atakayefungua mdomo.

Mzee M'Ikiara ni babu yako. Wakati huo sikumjua hata kwa sura. Nilijua tu kwamba kwa mzee huendi mikono mitupu, na mzee wa Mikinduri humpelekei mkate na mafuta ya Kimbo, humpelekea miraa.

Nikaenda mtaa wa Majengo mjini, kwa muuza miraa mmoja aliyeitwa Saidi, mtu mpole mwenye kofia ya kufuma. Mbele yake palikuwa na mafungu ya kawaida, na pembeni, juu ya gunia safi, palikuwa na fungu moja zuri ajabu. Limenyooka, limefunikwa kwa jani la mgomba kama mtoto aliyevishwa siku ya ubatizo, likafungwa kwa kamba za mgomba kwa mafundo yaliyopangwa.

"Nataka lile," nikamwambia.

"Lile lina mwenyewe, mwalimu. Chukua hili, lina miraa ileile."

"Nataka lile. Nampelekea mtu wa heshima."

"Najua ni la heshima. Ndiyo maana nakwambia lina mwenyewe. Lile si la kwenda kutembea nalo hivi hivi. Wewe una habari nalo?"

Hapo, mwanangu, mtu mwenye akili angeuliza, habari gani? Mimi nikamwambia, "Mzee Saidi, mimi ninafundisha chuo. Miraa ndiyo kazi yangu." Nikamwongezea pesa mpaka akachoka kubishana. Alinipa lile fungu akiwa ameinamisha kichwa, akasema, "Haya. Mungu akujalie, na wakukubalie." Nikaona ni mtu mcha Mungu sana, anayejali utafiti.

Nilifika kwa M'Ikiara mchana. Alikuwa ameketi nje akinoa kisu. Nikamwamkia, nikamkabidhi fungu kwa mikono miwili jinsi nilivyofundishwa kwetu Embu. Alilitazama fungu. Akanitazama mimi. Akatazama barabarani nyuma yangu kuona ni nani mwingine anakuja. Hapakuwa na mtu.

"Umekuja peke yako?" akaniuliza.

"Ndiyo, mzee. Bajeti haikuruhusu msaidizi."

Akaliweka fungu juu ya kigoda, bila kulifungua, akamwita nyanya yako. Nyanya yako alipoliona alishika mdomo. Akatumwa mtu kuwaita ndugu za mzee. Uji ukaletwa kwenye kibuyu. Wazee wanne wakaja wamevaa makoti, katika jua lile! Nami moyoni nasema, Wawira, umepatia. Hawa ndio wanaowakimbia watafiti wengine? Tazama, mimi wamenivalia makoti.

Nikatoa karatasi zangu, nikaanza. Nikauliza nyumba ina watu wangapi. Wakanijibu vizuri. Nikauliza kama kuna mtu katika ukoo anayekunywa pombe kupita kiasi, au aliyewahi kuugua akili. Wakatazamana, mmoja akasema, "Ni haki yake kuuliza. Hata sisi tungeuliza." Nikaandika kwamba wahojiwa wameonyesha ushirikiano mkubwa. Halafu wao wakaanza kuniuliza mimi. Kwetu ni wapi? Baba yangu ana shamba? Anakunywa? Nikajibu yote, nikijua mwalimu wangu alitufundisha kwamba mhojiwa akikuuliza mambo yako ni ishara ya kuaminiana.

Mwisho M'Ikiara akakohoa. Akasema, "Sasa mwalimu, tumekusikia, na fungu lako tumeliona. Sema waziwazi. Unataka nani?"

Nami nikanyoosha mgongo, nikamjibu kwa sauti ya darasani: "Mzee, nikipata watu thelathini nitashukuru. Wanaume kwa wanawake, kuanzia miaka kumi na minane."

Kendi, uliwahi kusikia kimya cha wazee watano? Hata kuku walinyamaza. Mzee mmoja alivua kofia akaivaa tena. Nyanya yako aliingia ndani, na huko ndani nikasikia sufuria inaanguka.

Aliyeniokoa ni kijana aliyekuwa ameegemea banda la ng'ombe muda wote huo, amejiinamia, mabega yanamtetemeka. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. Akanijia akanivuta kando, machozi yakimtoka, akaniuliza, "Dada, hilo fungu ulipewa na nani?"

"Nimelinunua Majengo. Kwani lina nini?"

"Lina kwamba hilo ndilo linaloletwa na watu wakija kuomba msichana. Linafungwa hivyo kwa jani, linawekwa mbele ya mzee. Akilifungua, amekubali. Akilirudisha likiwa limefungwa, mjichukulie fungu lenu mwende. Sasa wewe umekuja peke yako, mwanamke, umeuliza kama tuna wagonjwa wa akili, halafu umeomba watu thelathini."

Natamani ungeona uso wangu. Nilitaka kuingia kwenye kile kibuyu cha uji. Niliona kazi yangu inaondoka, mkuu wa chuo anampa kalamu yule kijana mwingine. Nikarudi mbele ya wazee, nikapiga magoti kabisa, nikaeleza. Nilieleza kwa Kiswahili, nikaeleza kwa Kiembu, nikakaribia kueleza kwa Kiingereza. M'Ikiara alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akashika goti la ndugu yake asianguke.

"Wasichana wangu wote wameolewa," akasema alipopata pumzi. "Nimebaki na huyu kijana anayecheka watu kwenye banda la ng'ombe. Utamchukua?"

Wazee wakapiga makofi. Mimi nikasema, kwa aibu tu, sikujua nijibu nini, "Anaweza kunitembeza kwenye nyumba za watu?"

"Anaweza."

M'Ikiara akalivuta lile fungu, akatoa kisu alichokuwa akinoa, akakirudisha. Akafungua mafundo kwa mkono, moja moja, taratibu, watu wote wakimtazama. "Mimi," akasema, "sijawahi kumrudishia fungu mtu aliyekuja kuomba kwangu. Fungu nimelifungua."

Hivyo ndivyo nilivyopata watu wangu thelathini. Baba yako alinitembeza nyumba kwa nyumba, akibisha hodi na kusema, "Huyu ni wa kwetu, fungu lilifunguliwa." Watu wakafungua milango, wakafungua na midomo. Kazi nikapata. Na yeye nikampata, maana mtu aliyekuona katika aibu ile na bado anakubebea mkoba juani, unamtafutia wapi mwingine?

Sasa sehemu nyingine, ambayo wajomba zako hawaisimulii.

Unajua alivyokuja kunywa. Hukuambiwa, uliona. Alianza na wenzake siku za soko, bei ya miraa ikiwa nzuri, kisha bei ikiwa mbaya, kisha bila kujali bei. Na mkewe ni nani? Ni Daktari Wawira, anayealikwa kusema kwenye warsha! Nilikuwa na jibu kabla hajaingia mlangoni. Nilimpa dodoso alijaze, Kendi. Mume wangu mwenyewe, mezani hapa, "Tia alama panapostahili." Alitia alama zote pale palipoandikwa "Sijui", akaniomba chumvi. Nikambandikia chati ukutani, karibu na kalenda ya kanisa. Nikajaribu kumsikiliza kwa ile njia tunayofundisha, ya kurudia anachosema mteja. Akisema, "Nimechoka," nami nasema, "Nasikia ukisema umechoka." Siku ya tatu akaniuliza kama masikio yangu yanauma.

Halafu nikafanya kubwa zaidi. Darasani nilihitaji mfano wa familia, nikatumia yetu, na nikaficha majina kama sheria inavyotaka. Nikasema, "Tumwite Bwana M., mkulima wa Mikinduri, mke wake ni msomi, wana binti mmoja na ng'ombe mwenye pembe moja." Ng'ombe mwenye pembe moja! Nilimweka kwa ajili ya kupendezesha. Wilaya nzima kulikuwa na ng'ombe mmoja wa namna hiyo, na wanafunzi wangu nusu walikuwa wakinunua maziwa yake. Jumamosi iliyofuata wakaja na chupa zao, wakimwangalia baba yako kwa macho ya huruma, na mmoja, mzuri sana darasani, akamshika bega akamwambia, "Bwana M., hauko peke yako."

Baba yako alimpimia maziwa, akapokea pesa, akaingia ndani. Aliniambia neno moja tu. "Mama Kendi, siku ile wewe ndiwe uliyekuja kuniomba, na sisi hatukukuandika popote." Akatoka akaenda kunywa. Nilikuwa najua mengi sana kuhusu walevi, na kwa yote niliyojua, nilikuwa sijamuuliza mume wangu hata swali moja ambalo sikuwa nimeshajijibu. Iliniuma, na inaniuma sasa ninavyoandika. Unaweza kuchukua hilo ukaenda nalo Kakamega au ukaliacha hapa mezani, ni shauri lako.

Tuje kwa ndume, yule fahali wa shuleni, maana najua ndiko roho yako ilikokwama.

Ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko kwetu Manyatta. Siku ya wazazi baba yako akaja amelewa, nami nilikuwa Nairobi kwenye warsha ya ulevi. Cheka tu, hata mimi sasa nacheka. Akachukua kipaza sauti kwa mwalimu mkuu, akaimba ubeti wa wimbo wa kanisa na ubeti wa wimbo usio wa kanisa, akatangaza kwamba kwa kuwa shule imemlea binti yake Kendi, ambaye alimwomba asimame, yeye ataleta ndume. Ukasimama. Najua ulisimama kwa sababu ulisukumwa. Shule nzima ikacheka, na tangu siku ile mpaka unamaliza kidato cha nne ukawa Kendi wa Ndume. Ulinililia kwenye simu ya shule ukasema hutamsamehe kamwe, nami nikakuambia una haki. Bado nasema una haki.

Kisha ndume akaja kweli! Wiki mbili baadaye, gwarideni, wasichana wote wamejipanga, lango likafunguka, baba yako akaingia anavuta ndume kwa kamba. Ulijificha nyuma ya tangi la maji, mwalimu wa zamu alinisimulia. Ulidhani amelewa tena. Nyama ile walipika, wenzako wakala muhula mzima wakikushukuru, na wewe ukala maharagwe.

Hujui kilichotokea kabla ya lango, kwa sababu yeye alinikataza kusema na wewe hukuwahi kuuliza. Leo ninasema.

Niliporudi kutoka Nairobi nilimkuta ameamka kwenye aibu yake, akaniambia, "Nilisema mbele ya mtoto kwamba nitaleta. Nitapeleka." Nikamwambia hakuna anayemtarajia, alikuwa amelewa. Akasema, "Kendi alisimama." Basi. Nikampeleka hospitali kwanza, maana najua kuacha pombe ghafla kunavyoweza kumuua mtu, hilo angalau elimu yangu ilinisaidia. Akalala huko siku kadhaa. Alipotoka, tukampandisha ndume kwenye lori la viazi mpaka mjini Embu, na hapo ndume akashuka kukojoa na akakataa kabisa kupanda tena. Dereva akatuacha. Tukaanza kupanda Manyatta kwa miguu. Yeye mbele na kamba, ndume katikati, na mimi nyuma na fimbo, mkoba wa chuo begani, viatu vya kisigino. Ndio, Kendi. Mama yako daktari. Ndume anakula mahindi ya watu, baba yako anaomba radhi, mimi nalipa.

Barabara ile unaijua ina baa ngapi. Kila baa kulikuwa na mtu anayeita, "Mkubwa! Njoo upoe! Ndume atakungojea!" Alikuwa akitetemeka. Jasho lilimlowesha koti. Karibu na juu, mbele ya baa ya mwisho, akasimama, akageuka, akanipa kamba. "Shika," akasema, akaingia ndani.

Nilisimama pale na ndume barabarani, nikalia, Kendi. Sikuwa na nadharia hata moja. Nilisema, hapo basi, tumefika mwisho.

Akatoka na soda mbili. Moja akanipa mimi. Ya kwake alikunywa amesimama, nusu ikamwagika shatini kwa jinsi mikono ilivyokuwa ikicheza, akarudisha chupa kwa adabu, akachukua kamba yake. Langoni akaniambia nibaki nje, asionekane ameletwa na mke. Niliona kupitia kwenye ua. Alimkabidhi mwalimu mkuu kamba akasema, "Nilisema nitaleta. Nimeleta." Akatazama mistari ya wasichana akikutafuta, hakukuona, akaweka mkono kifuani, akatoka.

Wewe uliona ndume. Mimi nilimwona mume wangu akipita mbele ya zile baa zote.

Ameanguka mara mbili tangu siku hiyo, na mara ya pili ulikuwa nyumbani ukaona, ukasema, "Si nilijua." Aliinuka tena. Miaka imepita sasa, hanywi, miraa anauza hatafuni, chai anakunywa nyingi hata ya kutosha kuogeshea ndama, na bado unamwamkia kama karani wa benki. "Shikamoo. Marahaba. Chakula kiko mezani." Mimi sitakuambia umsamehe. Hilo si langu, na kama kuna kitu nimejifunza katika kazi yetu ni kutomjazia mtu dodoso lake. Nakuambia tu ulichokuwa hujui.

Sasa lile jani. Amekuwa nyuma ya nyumba mchana kutwa. Nilichungulia dirishani. Alikuwa amekaa kwenye gogo, miwani puani, anafunga kitu kwa jani la mgomba, na kamba za mgomba, kwa mafundo yale ya M'Ikiara. La kwanza likamfumukia akatukana. La pili likakaa. Akaingia nalo akaliweka juu ya kabati, mbali na paka, akaniambia, "Usimwambie." Nami sikuambii. Nakuandikia, ni mambo tofauti.

Kesho saa kumi na moja atakuwa langoni na koti lake la Jumapili. Hatasema mengi, unamjua. Atakukabidhi hilo fungu kwa mikono miwili, halafu atangoja. Yeye ndiye anayeomba. Ukilirudisha likiwa limefungwa, ataelewa, ataingia ndani, na mimi nitamwekea chai, na sitakulaumu, nasema kweli. Ukilifungua, unajua maana yake, babu yako alikueleza ukiwa mdogo. Hapo utampa sanduku.

Ndani ameweka nini sijui. Miraa siyo, halina harufu hiyo. Nimelipima mkononi, nimelinusa, nimelitikisa karibu na sikio, na wewe unajua mama yako hajawahi kuacha kitu bila kukichunguza. Lakini hili sijalifungua. Anayeombwa si mimi.

Barua hii naitumbukiza ndani ya kiatu chako cha safari, cha kulia, maana najua huwezi kutoka bila viatu. Nasikia sauti yako kule chini, shangazi yako amekuachilia hatimaye. Ngoja nikoroge githeri.

Nakupenda kuliko utafiti wangu wote, na sweta usizitoe.

Mama yako,
Wawira